Farasi Jike na Mapacha: Kazi Yataka Kuhesabu Siku

Mwenye mbuzi akiamka asubuhi na kukuta mbuzi wake amezaa mapacha, hushukuru Mungu, na jirani akipita humpa pongezi. Kondoo akizaa wawili, kundi limekua bila gharama. Ng'ombe naye akizaa mapacha, watu husema nyumba ile ina heri, ijapokuwa mfugaji mwenye maarifa ajua kwamba mtamba aliyekaa tumboni pamoja na ndugu yake wa kiume kwa kawaida huwa tasa. Lakini nenda kwa wafugao farasi wa mashindano, iwe Newmarket huko Uingereza, au Kentucky huko Marekani, au katika nyanda za juu za Kenya watokako farasi wakimbiao katika uwanja wa Ngong, ukamwambie mwenye farasi kwamba jike wake ana mapacha. Hatacheka. Atauliza swali moja tu: "Ni siku ya ngapi?"

Ana haki ya kuuliza hivyo. Kwa farasi jike mimba ya mapacha ni hatari. Dawa yake ipo, lakini ina siku zake. Siku hizo zikitumiwa vizuri, jike huzaa mtoto mmoja mwenye nguvu. Zikipita bila kazi kufanywa, huenda mwenye farasi akapoteza watoto wote wawili, akapoteza na mwaka mzima wa uzazi, na mara nyingine akampoteza hata jike mwenyewe.

SABABU YA HATARI

Sababu yote imo katika kondo. Kondo la mbuzi, la kondoo na la ng'ombe hushikamana na mji wa mimba mahali mahali tu, kwa vifundo kama vifungo vya koti. Kondo la farasi sivyo lilivyo. Lenyewe limeenea ndani ya mji wote, katika pembe zake mbili na katika mwili wake, kama kitambaa kilichobandikwa ukutani, nalo hushika kwa vinyweleo vidogo vidogo visivyo na idadi. Kila sehemu ya ukuta huo ina kazi ya kumlisha mtoto. Mtoto mmoja wa farasi, ambaye hukaa tumboni muda wa miezi kumi na mmoja hivi, huhitaji ukuta mzima. Hakuna nafasi iliyobaki.

Basi wakiwamo wawili, hapana budi wagawane ukuta ule mmoja. Tena mahali makondo yao yanapogusana, kondo kwa kondo, hapapiti chakula chochote, kwa maana hakuna mji hapo wa kutoa chakula. Mara nyingi mmoja hupata sehemu kubwa, na mwingine husukumwa katika ncha ya pembe moja. Huyu mdogo huendelea kuishi kwa shida kwa miezi kadhaa, maana mtoto akiwa mchanga hahitaji chakula kingi. Lakini miezi ya mwisho ifikapo, ambapo mtoto wa farasi hukua upesi kuliko wakati mwingine wowote, chakula hakimtoshi tena. Hufa kwa njaa ndani ya tumbo la mama yake. Na afapo yeye, mara nyingi mji hutupa wote wawili, yule aliyekufa na yule aliyekuwa hai bado.

Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Newmarket, Jeffcott na Whitwell, waliandika habari za mimba nyingi za namna hiyo walizozichunguza. Karibu theluthi mbili ya majike hao walipoteza watoto wote wawili. Wachache sana walizaa watoto wawili hai, na kati ya watoto waliozaliwa hai wengi walikuwa wadogo na wanyonge, wengine wakafa katika siku za kwanza. Katika siku zile mapacha walihesabiwa kuwa sababu moja kubwa mno ya farasi wa mbio kutupa mimba.

Farasi hawa wa mbio, wale waitwao Thoroughbred, hupatwa na jambo hili zaidi ya farasi wadogo wa mashambani. Ni kwa sababu majike wao mara nyingi hutoa mayai mawili kwa wakati mmoja, au moja leo na jingine kesho au kesho kutwa. Kila yai hupata mbegu yake, na kila moja hufanya mimba yake. Mapacha wa yai moja lililogawanyika huonekana kwa nadra sana. Jike aliyewahi kushika mimba ya mapacha mara moja, yafaa aandikwe kwa wino mwekundu katika daftari, kwa sababu huelekea kufanya hivyo tena.

ZAMANI MKONO ULIKUWA PEKE YAKE

Hapo zamani daktari wa wanyama hakuwa na chombo ila mkono wake. Aliuingiza katika utumbo wa choo wa farasi, akaupapasa mji wa mimba uliokuwa chini ya utumbo huo, akatafuta uvimbe. Uvimbe wa mimba moja huanza kusikika vidoleni karibu na siku ya 20. Ikiwa mimba mbili zimekaa kila moja katika pembe yake, daktari stadi aliweza kuzitambua. Lakini zikiwa zimekaa bega kwa bega katika pembe moja, mkono ulidanganyika, ukahesabu moja. Baadhi ya madaktari, wakisikia kwamba jike ana mayai mawili yaliyo karibu kutoka, walikataza asipandwe kabisa, wakangoja mwezi mwingine. Wengine walimnyima jike nafaka wakitumaini kwamba njaa itaondoa mimba moja. Ilikuwa kazi ya kubahatisha, na wazee waliofanya kazi hiyo hawakuona haya kusema hivyo.

Mabadiliko yalikuja kutoka Ufaransa. Mwaka 1980 Palmer na Driancourt walieleza jinsi walivyotumia mashine ya mawimbi ya sauti, ambayo sasa huitwa ultrasaundi, kutazama ndani ya mji wa farasi jike. Mashine hiyo hutuma sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia, kisha hupokea mwangwi wake na kuufanya picha. Maji huonekana meusi, nyama huonekana ya kijivu. Mimba changa ya farasi ni kiputo cha maji kilicho mviringo kama gololi. Basi katika picha huonekana kama shimo jeusi la duara. Wakiwa wawili, mashimo ni mawili.

Huko Wisconsin, Marekani, mtaalamu aitwaye Ginther alitazama viputo hivyo saa baada ya saa, akaona jambo la ajabu ambalo mkono usingeweza kulijua kamwe: vilikuwa vikitembea. Kiputo huingia katika mji karibu na siku ya 6, nacho hakitulii. Huenda pembe ya kuume, hurudi katikati, huenda pembe ya kushoto, mara nyingi kwa siku moja, kikisukumwa na mji wenyewe. Hafanyi hivyo kwa mchezo. Kwa kuzunguka kote, kiputo humjulisha mama kwamba mimba ipo, na hivyo mji hautoi ile homoni ambayo ingemrudisha jike katika hali ya kutaka dume. Karibu na siku ya 16 kiputo hunenepa, mji nao hukaza, nacho hukwama chini ya pembe moja. Kuanzia hapo hakiendi tena popote.

Mtu akilielewa jambo hilo moja, ataelewa kazi yote ya siku hizi.

HESABU YA SIKU

Tuseme daktari amehakikisha kwamba yai la jike fulani limetoka tarehe 1 Machi. Siku huhesabiwa kutoka hapo, wala si kutoka siku aliyopandwa, maana mbegu za dume zaweza kungoja ndani ya jike siku kadhaa. Tarehe 15 Machi ni siku ya 14. Siku hiyo, au kesho yake, jike huletwa mbele ya mashine. Kila kiputo sasa kina upana wa sentimita moja na nusu hivi, nacho kingali kinatembea. Hapo ndipo mahali pazuri.

Mbona asiletwe mapema zaidi? Kwa sababu yai la pili huenda lilitoka siku mbili baada ya la kwanza. Kiputo hukua kiasi cha milimita tatu kila siku, na yule mdogo wa siku mbili nyuma aweza kupotea machoni. Daktari mwangalifu, ambaye siku ya kupandwa aliona dalili za mayai mawili, akiona kiputo kimoja tu siku ya 14 haendi zake akifurahi. Humtazama jike tena baada ya siku mbili.

Mbona asingoje basi mpaka siku ya 20? Kwa sababu siku ya 16 viputo hukwama, na mara saba hivi katika kumi hukwama pamoja upande mmoja. Vikiisha kukwama vimeshikamana, ni vigumu kukipasua kimoja bila kukipasua cha pili.

Ikiwa mashine imeonyesha viputo viwili kabla ya siku ile, daktari hutazama vimesimama wapi. Vikiwa mbali mbali, hukisogeza kimoja polepole kwa vidole, kupitia ukuta wa utumbo, mpaka ncha ya pembe, na hapo hukibana. Kiputo hupasuka, maji yake hunyonywa na mji, na kazi imekwisha. Kwa kawaida huchaguliwa kilicho kidogo. Na vikiwa vimegusana, daktari mwenye busara hatumii nguvu. Humwambia saisi, "Mtembeze kwanza." Saisi humtoa jike, humtembeza uani, humwacha asimame kivulini, baada ya nusu saa au saa nzima humrudisha. Mara nyingi viputo vimekwisha kuachana vyenyewe. Kazi ikifanywa na mtu stadi katika siku hizo, zaidi ya majike tisa katika kumi hubaki na mimba moja iliyo nzima.

Kosa moja hapa limewahi kugharimu watu sana. Katika mji wa majike wazee mara nyingi hukaa vijivimbe vya maji, ambavyo katika picha hufanana mno na mimba. Daktari akikosea aweza kukipasua kiputo cha kweli na kuacha kijivimbe, kisha akaandika kwamba jike ana mimba. Njia ya kuepuka kosa hilo ni kumtazama jike kabla hajapandwa, na kuchora katika daftari kila kijivimbe mahali kilipo na ukubwa wake. Kijivimbe hakitembei, wala hakikui kwa siku mbili. Mimba hufanya yote mawili.

Wako watu wasemao kwamba yafaa kuyaachia maumbile. Maneno yao si ya upuuzi, maana ni kweli kwamba viputo viwili vikikwama upande mmoja, zaidi ya mara nane katika kumi kimoja hufa chenyewe kabla ya siku ya 40. Lakini vikikwama kila kimoja katika pembe yake, ni nadra kimoja kufa. Tena mtu asisahau tarehe nyingine katika daftari, yaani tarehe 5 Aprili, ambayo kwa jike wetu ni siku ya 35. Karibu na siku hiyo chembe za mimba huchimba ndani ya ukuta wa mji na kujenga vikombe vidogo vya kutoa homoni. Vikombe vikiisha kujengwa, huendelea na kazi hata kama mimba yenyewe imekufa, mpaka kama siku ya 120. Muda huo wote jike hapati joto la kawaida la kushika mimba. Huko Uingereza, ambako msimu wa kupandisha farasi wa mbio huanza katikati ya Februari na kwisha katikati ya mwaka, maana yake ni kwamba mwaka huo umepotea. Jike atakula majani na nafaka, atatibiwa na kulindwa, naye hana kitu tumboni.

Kwa hiyo jike hutazamwa tena kabla ya siku ya 30. Tarehe 29 Machi, siku ya 28, mimba iliyo hai huonyesha moyo unaopiga, nukta ndogo ikimeta-meta katika picha. Ikiwa mioyo ni miwili, bado kuna nafasi ya kuamua. Daktari aweza kujaribu kukipasua kimoja, ijapokuwa mafanikio sasa ni machache. Ama aweza kumpiga jike sindano ya kuondoa mimba zote mbili na kumpandisha upya. Kuondoa mimba mbili zilizo hai kwa mkono wa mtu ni neno zito, na wenye farasi wengi hulichukia. Hata hivyo daktari aliyeona mwisho wa mambo haya katika mwezi wa nane, usiku, katika banda lenye damu, hatasita sana.

WALIOGUNDULIWA BAADAYE

Zipo njia nyingine kwa mimba iliyopita siku hizo. Wako madaktari waliotoboa kifuko kimoja kwa sindano ndefu wakiongozwa na picha ya mashine. Wako waliokivunja shingo kijusi kimoja baada ya miezi miwili au mitatu. Na baada ya miezi minne hivi, sindano ya chumvi ya potasiamu huweza kupigwa katika moyo wa kijusi kilicho kidogo, kupitia tumbo la mama. Yote haya huhitaji hospitali na mikono yenye mazoezi mengi, na hata hapo matumaini ni kiasi cha nusu kwa nusu. Mara nyingi wote wawili hufa.

Ikiwa hakuna aliyejua, mtu wa kwanza kujua atakuwa saisi. Jike mwenye mimba ya miezi saba, minane au tisa, akianza kujaa kiwele na kudondosha maziwa kabla ya wakati wake, huenda pacha mmoja amekufa au yu karibu kufa. Ugonjwa wa kondo pia huleta dalili hiyo hiyo. Vyovyote iwavyo, saisi asingoje kesho. Na amwite daktari.

Mtoto akizaliwa hai katika hali hiyo, kazi ni kubwa. Kwa kawaida mtoto wa farasi husimama katika saa moja, hunyonya katika saa mbili, na kondo hutoka katika saa tatu. Pacha aliyekonda aweza kushindwa hata kuinua kichwa. Tena mtoto wa farasi huzaliwa bila kinga yoyote ya magonjwa kutoka kwa mama, maana kondo la farasi haliipitishi. Kinga yote hupatikana katika maziwa ya kwanza, yale ya dang'a. Mama aliyedondosha maziwa kwa majuma mawili ameimwaga dang'a hiyo chini. Basi ni lazima itafutwe dang'a ya jike mwingine, nayo iingie tumboni mwa mtoto katika saa chache za kwanza, kwa chupa au kwa mpira wa puani.

Kondo nalo lisitupwe. Daktari hulitandaza sakafuni kama ngozi. Palipokuwa na mapacha, huonekana eneo jeupe, laini, lisilo na vinyweleo: hapo ndipo walipogusana.

Kwamba kuhesabu siku kumeleta faida, ushahidi upo. Wachunguzi wa Uingereza walipotazama vijusi na watoto wa farasi zaidi ya 1,200 waliokufa kati ya 1988 na 1997, walikuta kwamba mapacha walikuwa sababu ya vifo sita tu hivi katika mia. Matatizo ya kitovu yalikuwa yamekwisha kuchukua nafasi ya kwanza.

NA PUNDA JE?

Watu wengi hawana farasi, lakini wana punda. Punda ni ndugu wa farasi, kondo lake ni la namna ile ile, na punda jike naye hutoa mayai mawili mara nyingi. Tofauti ni kwamba hubeba mimba muda mrefu zaidi, karibu miezi kumi na miwili, na kwamba ni nadra mtu kumwita daktari amtazame kwa mashine. Mwenye punda hana hesabu ya siku ya 14. Lakini aweza kuandika katika daftari siku alipomwona dume akimpanda jike wake, na aweza kukitazama kiwele kila asubuhi akimpa maji. Akiona maziwa katika mwezi wa tisa au wa kumi, asiyakamue, bali apeleke habari kwa daktari wa mifugo aliye karibu, wala asimfunge punda huyo mkokoteni siku hiyo.